Siku Mbili Katika Rasi ya Tumaini Jema

Safu hii imezoea kukaa jikoni, kando ya kitanda cha mtoto mgonjwa na kwenye foleni ya kliniki. Mwezi huu naomba tutoke kidogo. Siku hizi akina mama wenzetu wengi wanafika Afrika ya Kusini: wengine kwa mikutano ya makanisa, wengine kumfuata mume aliye masomoni, wengine kumsindikiza mgonjwa. Wakijaliwa kufika Cape Town huambiwa, "Kesho mtazungushwa rasi." Gari huja saa mbili asubuhi, linakwenda mbio, linasimama dakika ishirini hapa na dakika kumi pale, na jioni mama anarudishwa akiwa na picha nyingi na kichwa kinachomuuma.

Mimi nilizungushwa hivyo mara ya kwanza. Mara ya pili tulikuwa akina mama sita wa kikundi chetu na watoto wanne, tukamwomba dereva siku mbili. Nitakueleza tulichokiona kwa sababu ya ile siku ya pili, ili nawe ukipata nafasi uombe hivyo hivyo.

Rasi yenyewe ni kama ulimi wa nchi ulioingia baharini, urefu wake kilomita 50 hivi, kuanzia mjini chini ya Mlima wa Meza hadi Cape Point. Magharibi ni bahari ya Atlantiki. Mashariki ni ghuba kubwa iitwayo False Bay. Katikati ni uti wa milima ya mawe na vichaka vifupi viitwavyo fynbos. Ukivitazama kwa mbali utadhani ni nyika kavu isiyo na maana. Shuka garini uiname. Rasi hii ndogo ina zaidi ya aina 2,200 za mimea ya asili, na mwaka 2004 iliingizwa pamoja na maeneo jirani katika Urithi wa Dunia.

Watu wengi husimama Cape Point wakidhani wamefika mwisho wa Afrika. Sivyo. Ncha ya kusini kabisa ni Cape Agulhas, kama kilomita 150 upande wa kusini-mashariki, na huko ndiko Atlantiki na Bahari ya Hindi zinakohesabiwa kukutana. Waambieni watoto ukweli, maana watakuja kuulizwa shuleni.

Siku ya kwanza tulikwenda kwa upande wa mashariki. Kabla hata ya kuuacha mji nilimwomba dereva asimame chini ya miteremko ya mlima, mahali ilipo hospitali ya Groote Schuur. Wenzangu walinicheka: muuguzi akiwa likizo anatafuta hospitali! Lakini nilitaka watoto waione.

Jumamosi ya tarehe 2 Desemba 1967, mama mmoja na binti yake wa miaka 25, Denise Darvall, walisimama katika mtaa wa Observatory, si mbali na hospitali hiyo, kununua keki. Walipokuwa wakivuka barabara waligongwa na gari. Mama alifariki pale pale. Binti alifikishwa Groote Schuur, moyo ukipiga lakini ubongo wake umeharibika kabisa. Baba, ambaye siku hiyo hiyo alikuwa amempoteza mke, aliombwa akubali moyo wa binti yake utolewe upewe mgonjwa mwingine. Alifikiri dakika chache tu, akakubali. Usiku wa kuamkia tarehe 3, Christiaan Barnard na wenzake waliuhamishia moyo ule katika kifua cha Louis Washkansky, muuza duka la vyakula. Ulikuwa upasuaji wa kwanza duniani wa kuhamisha moyo wa mtu kwa mtu. Washkansky aliishi siku 18, kisha nimonia ikamchukua, kwa sababu dawa za kuuzuia mwili usiukatae moyo mgeni zilikuwa zimeudhoofisha ulinzi wake.

Hayo husimuliwa kila mahali. Linalosahauliwa ni figo. Figo moja ya Denise alipewa mvulana wa miaka 10, ambaye serikali ya wakati ule ilikuwa imempanga katika kundi la machotara. Lishike hilo kichwani, mama, mpaka tufike Simon's Town.

Njiani tulisimama Muizenberg ili watoto wacheze majini. Hapa niseme kama muuguzi. Sisi tuliozoea bahari ya Tanga na Mombasa, iliyo vuguvugu kama maji ya kumwogeshea mtoto, tunadhani jua kali maana yake ni maji ya moto. Upande wa Atlantiki wa rasi hii ni kinyume chake. Majira ya joto, Desemba hadi Februari, upepo wa kusini-mashariki huyasukuma maji ya juu kuelekea bahari kuu, na maji baridi ya chini yakapanda kushika nafasi yake. Jua linachoma mgongo, maji ni digrii 12 au pungufu. Mtoto akijitupa ghafla humo mwili hushtuka, anavuta pumzi kwa nguvu bila kutaka, na kama uso uko chini anavuta maji. Hatari kubwa iko katika dakika ya kwanza, hata kwa mtoto anayejua kuogelea. Kwa hiyo kule Camps Bay na Clifton, kwenye mchanga mweupe wa kupendeza, mwache alowe miguu tu. Wa kuogelea waogelee upande wa False Bay, Muizenberg au Fish Hoek, ambako maji yana nafuu, na mama awe ndani ya maji pamoja nao, si chini ya mwavuli.

Tazama pia bendera. Tangu mwaka 2004 wako watu ambao kazi yao ni kukaa mlimani juu ya fukwe hizo na darubini, wakimwangalia papa. Bendera ya kijani maana yake maji yanaonekana vizuri, nyeusi, hayaonekani vizuri, nyekundu, tahadhari, nyeupe yenye picha ya papa, ikifuatana na king'ora, maana yake kila mtu atoke mara moja. Papa weupe wamekuwa adimu sana katika ghuba hiyo tangu miaka ya mwisho ya 2010, lakini bendera si pambo. Wafundisheni watoto rangi hizo garini kabla hawajaona maji, kwa sababu wakishaona maji hawasikii tena.

Simon's Town ni mji mzuri sana. Nyumba za kale zimepanda mlimani ngazi kwa ngazi, chini ni bandari ya jeshi la wanamaji. Magari ya watalii hupita moja kwa moja kwenda kwa pengwini. Dereva wetu, baba wa makamo ambaye asubuhi yote alikuwa mcheshi, alinyamaza tulipoingia pale. Mwenzetu mmoja akamuuliza, "Baba, unaumwa?" Akaonyesha kwa kidole nyumba moja nyeupe, akasema mama yake mzazi alizaliwa mtaa ule.

Tarehe 1 Septemba 1967 serikali ya ubaguzi wa rangi ilitangaza mji huu kuwa wa wazungu peke yao. Waafrika waliokuwa wakiishi Luyolo, juu kidogo ya mji, walikuwa wamekwisha kuondolewa miaka michache kabla na kupelekwa Gugulethu. Sasa ikawa zamu ya wale walioitwa machotara, Wakristo na Waislamu, familia za wavuvi, mafundi na vibarua wa bandari, nyingine zikiwa na makaburi ya mababu pale pale. Maelfu walihamishwa. Wengi walipelekwa ng'ambo ya pili ya milima, kwenye makazi mapya yaliyoitwa Ocean View, yaani Mandhari ya Bahari. Fikiri mwenyewe, mama: umetolewa ufukweni mwa bahari, halafu unapewa jina hilo. Katika mji wa Cape Town wenyewe, mtaa uitwao District Six ulitangaziwa hivyo hivyo mwaka 1966, na watu zaidi ya 60,000 wakaondolewa.

Kati ya Septemba mosi na ule upasuaji wa Groote Schuur ni miezi mitatu tu. Rasi ni ile ile na mwaka ni ule ule. Figo ya msichana wa kizungu iliruhusiwa kukaa ndani ya mwili wa mtoto yule, lakini familia ya rangi yake haikuruhusiwa tena kukaa nyumba jirani na mzungu Simon's Town. Nilipowaeleza watoto hayo, walinitazama kana kwamba nimekosea hesabu.

Familia moja ya Kiislamu ambayo ilikuwa ya mwisho kuondolewa, mwaka 1975, ilikuwa pia ya kwanza kurudi, mwaka 1995, na nyumba yao, Amlay House, ikafanywa makumbusho ya watu waliohamishwa. Ukiwa na siku moja hutaiona. Ukiwa na mbili, ulizia kama imefunguliwa. Sisi tulikaa humo saa nzima kwenye picha za familia na nguo za arusi, na dereva alituonyesha mambo ambayo hakuna kitabu kingetuonyesha.

Pengwini wako mwendo mfupi kutoka hapo, ufuo wa Boulders, katikati ya mawe makubwa ya mviringo. Jozi mbili tu zilikuja kutaga pale mwaka 1982, tena karibu kabisa na nyumba za watu, na kutoka hizo likakua kundi zima. Binti mmoja wa miaka tisa akauliza, "Kwa hiyo pengwini waliingia kwenye nyumba za wale waliofukuzwa?" Nikamjibu kwamba hapana, nyumba zile waliingia watu wengine. Hakuuliza tena, lakini nilimwona akigeuka kuitazama milima.

Hawa ni pengwini wa Afrika, hawahitaji barafu. Kimo chao chafika magotini mwa mtu mzima au kuzidi kidogo, na wanalia kama punda, kwa hiyo usishtuke. Mke na mume hulalia mayai mawili kwa zamu, muda wa siku 40 hivi. Mmoja analinda, mwenzake yuko baharini akitafuta samaki wa kumtapikia mtoto. Mara moja kwa mwaka hunyonyoka manyoya yote na kuota mapya. Kwa muda wa wiki tatu hivi hawawezi kuingia majini, kwa maana ngozi yao haizuii baridi, basi hufunga kula kabisa, wakiishi kwa mafuta waliyojiwekea mwilini. Ukimwona amesimama kivulini amechakaa kama mto uliotoboka, usimwonee huruma ukamtupia mkate. Si mgonjwa. Mpishe tu.

Ugonjwa wao ni mwingine. Zamani watu walikomba kinyesi cha ndege visiwani kwa ajili ya mbolea, nacho ndicho pengwini walichokuwa wakichimba viota. Mayai yao nayo yaliokotwa yakauzwa. Siku hizi dagaa na samaki wadogo wanaowategemea wamepungua, kwa uvuvi na kwa kubadilika kwa bahari, na mzazi analazimika kwenda mbali zaidi na kurudi na kidogo. Mwaka 2024 pengwini huyu aliwekwa katika daraja la walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Jozi zinazotaga zimebaki chini ya 10,000. Mwezi Machi 2025, baada ya kesi mahakamani, ilikubaliwa kwamba uvuvi wa kibiashara wa samaki hao uzuiwe kwa miaka kumi karibu na makundi sita ya pengwini. Vifaranga walioachwa na njaa huokotwa na shirika la SANCCOB, lililoanza mwaka 1968, na kulishwa kwa mkono hadi waweze kujitegemea. Wenzangu wa wodi ya watoto njiti wataielewa kazi hiyo bila kuelezwa.

Siku ya pili tulianzia Cape Point. Ndani ya hifadhi kuna mbuni wanaotembea ufukweni, pofu, punda milia wa milimani na swala wa rangi ya kahawia na nyeupe aitwaye bontebok, ambaye nusura aishe duniani. Watoto walitaka kumwona Vasco da Gama. Hayupo, lakini msalaba wa kumkumbuka upo, na hapo somo letu la shule lilipata miguu: alilizunguka eneo hili Novemba 1497, na Aprili 1498 alikuwa Mombasa, kisha Malindi, alikopata rubani wa kumvusha hadi India. Bartolomeu Dias alikuwa amemtangulia mwaka 1488.

Mnara wa taa wa kwanza pale juu uliwashwa mwaka 1860, zaidi ya mita 230 kutoka baharini. Waliujenga juu ili uonekane mbali, na kumbe urefu ule ndio uliouharibia kazi: ukungu uliufunika mara kwa mara. Mwaka 1911 meli ya abiria ya Kireno, Lusitania, iligonga mwamba chini yake. Mwaka 1919 taa mpya ikawashwa chini zaidi, mita 87 tu. Panda ule wa zamani kwa miguu kama magoti yako ni mazima. Kuna kigari cha kupandisha wazee.

Sasa nyani. Nyani wa rasi hii ni mia kadhaa tu na wamezungukwa na mji na bahari, hawana pa kwenda. Wanajua kufungua mlango wa gari kuliko mtoto wako. Fungeni milango kwa komeo, vioo juu, na chakula kikae ndani ya buti, si mkobani mwa mama. Kuwalisha ni kosa la kisheria, na si kwa ukali wa bure: nyani aliyezoea mkate wa watu huanza kuingia majumbani, na mwisho wake mara nyingi ni kuuawa. Akikunyang'anya mfuko, mwachie. Tulimwona baba mmoja akivutana na dume kwa ajili ya mfuko wa chipsi, meno yale yakiwa marefu kama kidole changu. Mkewe alipiga kelele, "Mwachie, ni viazi hivyo!" Akamwachia.

Kutoka hapo tulirudi kwa upande wa magharibi, kwa barabara ya Chapman's Peak. Ni kilomita 9 zenye kona 114, zilizochongwa katika ukuta wa mlima kati ya mwaka 1915 na 1922, sehemu kubwa kwa mikono ya wafungwa. Mawe yalikuwa yakianguka na kuua. Mwaka 2000 ilifungwa, ikafunguliwa tena mwishoni mwa 2003 ikiwa na nyavu za chuma na malipo ya kupita. Ukitokea Noordhoek kwenda Hout Bay bahari iko kushoto kwako, na kwa kuwa kule nako huendesha kushoto kama kwetu, unapita ukingoni kabisa. Mwenye hofu ya urefu akae kulia. Mtoto anayetapika garini mkalishe mbele na mpe biskuti kavu kabla ya kona ya kwanza, si baada ya ya hamsini.

Hout Bay kuna boti za kwenda kuwatazama sili kwenye kisiwa cha mawe, na bandarini wengine hujilaza gatini kama mbwa wa nyumbani. Mwaka 2024 ilithibitishwa kwamba sili wa pwani hizo wanaugua kichaa cha mbwa, jambo ambalo halikuwa limewahi kuonekana likienea kwa wanyama wa baharini. Hivyo hakuna kumgusa sili, hakuna kupiga picha naye, hata kama mtu wa gatini anamlisha samaki kwa mdomo na kukuita usogee. Akikuuma, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka muda wa dakika 15 kamili kwa saa, kisha hospitali siku hiyo hiyo kwa sindano. Usisubiri kurudi nyumbani. Kwa nyani fanya vile vile.

Mlima wa Meza nimeuacha mwisho kwa sababu hauna siku yake. Ni siku ile upepo utakapotulia. Upepo wa kusini-mashariki wenyeji huuita Daktari wa Cape, kwa imani ya zamani kwamba huufagilia mji magonjwa, na ukivuma huutandika mlima wingu jeupe kama kitambaa cha meza. Basi magari ya kamba, yanayopanda tangu mwaka 1929, husimama. Mkiuona mlima uko wazi asubuhi, badilini ratiba mwende. Juu, mita 1,085 kwenye kilele chake, mtakutana na pimbi wanaoota jua mawe kwa mawe, wale wibari wa kitabu cha Mithali. Chukueni sweta hata kama mjini watu wanatokwa jasho. King'ora kikilia huko juu, maana yake upepo unakuja na magari yatafungwa: kusanya watoto na mshuke mara moja.

Na jambo moja la kuweka mkobani pamoja na dawa zako. Rasi ile haina malaria. Mtoto akipata homa mkiwa huko, hata wiki ya pili, daktari anaweza kuanza na mafua, maana malaria haimjii akilini kila siku kama sisi. Usingoje akuulize. Mwambie tangu mlangoni kwamba mmetoka nchi yenye malaria, taja tarehe mliyoondoka nyumbani, na uombe damu ipimwe siku hiyo hiyo.